Boti ya okazyo kwenye Ziwa Kivu: tazama kwanza ubao wa nyuma

Bamama, bababa, vijana, jambo kwenu. Nimeombwa nizungumze juu ya kununua boti iliyokwisha tumika, na nitaanza na swali. Hapa Bukavu ziwa limetuzunguka: ukiwa Nguba unaliona, ukishuka La Botte umelifikia. Ni wangapi kati yenu wamewahi kupeleka watoto wao majini siku ya Jumapili, si kwa safari ya Goma, si kwa kufuata sambaza, wale dagaa wetu, bali kwa kupumzika tu? Naona mikono mitatu. Ukumbi mzima, mikono mitatu.

Tumezoea kusema boti ni ya wenye pesa. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na huu ni mwaka wa 9 nina boti.

Ya kwanza niliinunua Goma, dola 1,900 pamoja na moteri ya nguvu za farasi 40. Bodi ya faiba, rangi bado inang'aa. Muuzaji, ambaye sitamtaja, aliwasha moteri mbele yangu, ikaunguruma vizuri, nikahesabu pesa. Miezi miwili baadaye tunarudi kutoka kisiwa cha Idjwi, mimi, mke wangu na watoto wawili, nikasikia mlio kama wa kuni inayopasuka. Kugeuka, naona moteri imelala kinyumenyume na maji yanaingia. Wavuvi wa sambaza ndio waliotuvuta mpaka ufukoni, na hawakutaka hata franka moja. Lile ziwa lina kina cha mita zaidi ya 400. Bado nausikia ule mlio.

Kilichopasuka ni ubao wa nyuma, ule unaobeba moteri. Mujue kwamba katika boti nyingi za faiba ubao huo si faiba tupu. Ndani yake kuna tripleksi, mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, imefunikwa faiba pande zote mbili. Mtu akitoboa tundu la bulonzi, yaani bolti, bila kuliziba vizuri, maji yanapenya, mbao inaoza humo ndani mwaka baada ya mwaka, na nje huoni kitu. Kwa hiyo ukienda kununua, acha rangi. Chukua nyundo ndogo ya plastiki, gonga ubao huo kidogo kidogo, kutoka juu mpaka chini. Mbao nzima inajibu kwa sauti kavu, tok, tok. Mbao iliyooza inajibu kwa sauti nzito, kama unagonga gunia la mihogo. Halafu inua moteri, shika mguu wake wa chini, uusukume juu na chini kwa nguvu, huku mwenzako akitazama pale moteri ilipofungwa kwenye ubao. Ubao ukicheza, hata kidogo, rudi nyumbani na pesa zako, au ondoa kwenye bei gharama yote ya kuubadilisha. Sakafu nayo ikanyage kila pembe. Ikibonyea chini ya kisigino, ni ugonjwa uleule.

Sasa moteri. Fungua skrubu ya chini ya giya, acha mafuta yatone kwenye kidole. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mwambie fundi apime kompresio, yaani nguvu ya mgandamizo, ya kila silinda. Zikipishana zaidi ya asilimia 10, uliza sababu kabla ya kulipa. Na usikubali kuwashiwa moteri ambayo imekwisha pata moto. Fika bila kutangaza saa, uiguse, iwe baridi, ndipo iwashwe.

Kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Ziwa letu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na moteri inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Ile ya farasi 40 iliyokuwa ikikimbia vizuri Dar es Salaam au Mombasa, hapa inabaki na nguvu za farasi 34 hivi. Ukiiachia elisi yake ya pwani, yaani panga linalosukuma maji, inalemewa, haifiki mizunguko yake, inakula esansi (petroli) na kuchafua mabuji (plagi). Tafuta elisi ya hatua fupi, yaani inayosogeza boti kidogo kwa kila mzunguko, na fundi arekebishe jikleri za kabureta, vile vitundu vinavyopitisha esansi.

Lakini je, unahitaji farasi 40? Ikivutwa mpaka mwisho inakunywa lita 15 kwa saa na zaidi. Mimi leo ninatumia ya farasi 15, boti ya mita 5, watu watano, mwendo wa taratibu. Haifiki nusu ya hizo. Bei ya boti unailipa mara moja. Esansi unailipa kila Jumapili. Ndiyo maana boti nyingi zinaozea ufukoni: mwenyewe alimaliza pesa zote siku ya kununua. Ukiwa na dola 2,000, nunua ya 1,300.

Na usinunue peke yako. Sisi ni familia nne. Tulianza kama likelemba, ule mchango wa kupokezana, lakini kwetu kila mwezi kila nyumba inatoa kitu, hakuna anayekula zamu, sanduku linabaki la boti. Tuliandika kwenye karatasi, tukatia sahihi: nani ana Jumapili ipi, anayevunja elisi analipa elisi, anayetaka kutoka anauza fungu lake kwanza kwetu. Miaka 6, hatujagombana. Karatasi ile tuliiandika tukiwa bado tunapendana, na huo ndio wakati wake.

Ya komiseri wa ziwa, ofisa wa serikali anayeshughulikia boti, ni mafupi: hakikisha jina la muuzaji ndilo lililo kwenye karatasi za boti, na mubadilishe jina mbele ya komiseri.

Magile, yaani jaketi za kuokoa maisha, sitayapitia haraka. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wanaiona kutoka nchi kavu, kwa sababu ilijazwa kupita kiasi. Baadhi yenu mulizika watu. Kwa hiyo, kwenye bajeti yenu, gile zinakuja kabla ya moteri, moja kwa kila kichwa, na za watoto ziwe za watoto kweli. Kwangu mtoto asiyevaa haingii, hata akilia.

Mama pale mbele ameuliza kama angeweza kuugonga ubao mwenyewe ili asikie tofauti. Ndiyo. Ule ubao wangu wa zamani uliooza nimeuhifadhi, uko nje kwenye veranda, kando ya kipande kizima. Nyundo ziko mbili. Twende tukagonge.