Mkuki na Ngao Vimewekwa, Majina Je?

(Mhadhara uliotolewa Mwanza katika wiki ya maandalizi ya Siku ya Mashujaa)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Mwenyekiti amenitambulisha kwa maneno mazuri sana, na muda aliotumia kunisifu ameukata kwenye muda wangu. Wapo humu walionisikia Magu, wapo walionisikia Nyegezi, na leo watasikia yale yale. Siku jambo lenyewe likifanyika nitatafuta mada nyingine.

Tumeulizwa kama taifa liendelee kuwaenzi waliokufa vitani. Liendelee. Hapo sina la kubishana na mtu. Ugomvi wangu uko kwenye namna tunavyowaenzi.

Utaratibu wa tarehe 25 Julai mnaujua. Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua, meya upinde na mshale, na mzee mmoja wa wapiganaji wa zamani anaweka shoka. Tarumbeta inalia, watu wanasimama kimya. Ni sherehe nzuri, na mimi tarumbeta ile mpaka leo hunisisimua mwili. Lakini siku nyingine chukueni kalamu muorodheshe majina yanayotajwa asubuhi ile. Mtaandika mawaziri, mtaandika wakuu wa mikoa, majaji, mabalozi, viongozi wa dini, wenyeviti wa vyama. "Itifaki imezingatiwa." Halafu kagueni orodha yenu muone marehemu wangapi wamo.

Kuna mama mmoja kule Kwimba, sasa ni bibi kizee. Mwanawe wa kwanza aliondoka na mgambo mwishoni mwa 1978. Nduli Idi Amin wa Uganda alikuwa amekwisha kuvuka mpaka, Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kusema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Sitawasimulia vita ya Kagera, mnaijua. Kijana alishukia hapa Mwanza kwa treni, akapanda meli kwenda ng'ambo kama wenzake wengi, na hakurudi. Bibi huyu ana redio ya betri kubwa. Kifuniko cha nyuma kilipotea zamani, betri zimeshikiliwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kila mwaka, siku moja kabla ya Mashujaa, anazitoa betri na kuzianika juani juu ya ungo ili zipate nguvu. Asubuhi anakaa kwenye kigoda chini ya mwembe, redio mapajani. Macho hayaoni vizuri na masikio yamepungua, kwa hiyo anamweka mjukuu ubavuni. Mtangazaji akianza kusoma majina, bibi anamgusa mjukuu: "Wamemtaja?" Mjukuu anasema, "Bado, bibi, hawa ni waheshimiwa." Yanakuja majina mengine. "Wamemtaja?" "Bado, bibi." Bendi inapiga, wageni wanaondoka, mtangazaji anaaga. Bibi anazima redio haraka maana betri ni ghali. Mwaka unaofuata anazianika tena.

Nilipoisimulia habari hii safari moja, bwana mmoja akaniambia, "Mwalimu, mama huyo haelewi, ile ni sherehe ya kitaifa." Anaelewa vizuri kuliko sisi. Yeye alimtoa mtu mwenye jina, na sisi kila mwaka tunamrudishia neno "mashujaa" kwa wingi, akagawane na wenzake.

Najua mnachotaka kusema. Majina ni mamia, yakisomwa yote tutaanguka kwa jua. Nani amesema yasomwe yote Dodoma? Yasomwe ya Kwimba pale Ngudu, ya Ukerewe yasomwe Nansio, ya Sengerema yasomwe Sengerema, na yabandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya kata alikotoka mtu. Watoto wapite wakienda shule waone, "Kumbe huyu ni babu wa fulani." Karibu kila kijiji cha Ufaransa kina jiwe lenye majina ya vijana wake waliokufa kuanzia 1914, mpaka vile vijiji ambavyo leo havina hata duka. Na msiniambie majina hayapo. Hakuna mtu anayepewa bunduki ya serikali bila kuandikwa jina, kijiji na jina la wa kupelekewa habari. Tunaweza kuandikisha wapiga kura nchi nzima, tushindwe hawa?

Mkifika Dar es Salaam mtaona ile Sanamu ya Askari pale katikati ya mji, iliyowekwa na Waingereza 1927. Watu wanapiga picha, wachache wanasoma. Someni. Imeandikwa Kiswahili kabisa: inawakumbuka askari wa Vita Kuu ya Kwanza, inawakumbuka wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na inamwambia mtu kwamba akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Sasa zungukeni sanamu lote mtafute jina moja. Hakuna! Jiwe limeahidi jina na lenyewe halina hata moja.

Wapagazi wale walikuwa nani? Julai 1916 Waingereza walipouteka mji huu wa Mwanza kutoka kwa Wajerumani, pande zote mbili zilikuwa zinahitaji mabega. Barabara hamna, mbung'o wanaua wanyama wa mizigo, kwa hiyo bunduki, risasi na unga vilikwenda kichwani mwa mtu. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wanajulikana kwa kazi hiyo tangu enzi za misafara. Walikufa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, hesabu za wapagazi waliokufa zinakaribia laki moja, na wapo wanahistoria wanaosema walizidi. Makaburi yao je? Gavana wa Tanganyika baada ya vita ile, Horace Byatt, alitaka yale makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo, na hakupenda hata kuzitazama takwimu za Waafrika waliokufa. Ilipofika Aprili 2021 ndipo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ikakiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, wengine hawakukumbukwa kabisa. Miaka mia moja! Na sisi tukawalaani, tukasema ubaguzi, na kweli ulikuwa ubaguzi. Tulipomaliza kulaani tukaenda kwenye sherehe yetu wenyewe, isiyo na majina.

Kijana pale nyuma anatikisa kichwa. Vile vilikuwa vita vya wazungu, si ndiyo? Vilikuwa vyao. Babu yako hakuulizwa. Wengine walivaa sare ya Mjerumani, wengine ya Mwingereza, inawezekana walitoka mji mmoja. Mimi sisemi tusifu vita ile. Nasema aliyekufa njiani na gunia la mtu kichwani alikuwa wa kwetu, na kumwacha bila jina kwa sababu vita haikuwa yake ni kumwonea mara ya pili. Hapa hapa mjini mnara wa saa kwa miaka mingi umebeba kibao cha kutuambia kwamba yule msafiri Mwingereza, Speke, aliliona ziwa hili kutoka kilima cha Isamilo tarehe 3 Agosti 1858. Mtu kaona maji, kapata kibao. Waliombebea mizigo mpaka Isamilo nao walikuwa na macho.

Wala msiniambie hatuna utamaduni wa kukumbuka. Huku kwetu mtoto anapewa jina la babu aliyekufa ili jina lisipotee. Na pale Igoma, kila 21 Mei, watu wanakwenda kwenye makaburi ya waliozama na meli ya MV Bukoba, tangu 1996, na huwaambii kitu. Mji wa Songea unaitwa kwa jina la nduna, kiongozi wa Wangoni, aliyenyongwa na Wajerumani 1906. Tunajua sana kutaja majina, tukitaka.

Naambiwa nimalize. Haya, haraka. Raia waliouawa Kagera nao waingie kwenye orodha, hawakuwa na sare lakini walikufa kwa vita ile ile. Wanajeshi wetu waliolala kwenye makaburi ya mashujaa Naliendele, Mtwara, vijana wengi hawajui hata kama wapo. Wanajeshi wetu waliouawa wakilinda amani Semuliki kule Kongo, Desemba 2017, wajane wao bado vijana na watoto wako shuleni, kwa hiyo tusisubiri miaka mia. Nilitaka kusema pia kuhusu askari wa Uganda waliofia upande huu, nao wana mama zao, lakini naona hilo linataka jioni nzima na mwenyekiti ameshasimama.

Pale mlangoni kuna daftari. Mwenye marehemu wa 1978 au 1979 aandike jina kamili, kijiji, na jina la mama yake. Cheo kama hukijui acha wazi, usibuni. Kalamu imefungwa kwa uzi, tafadhali msiondoke nayo. Maswali sasa, na yawe maswali, si hotuba, hotuba nimeshatoa mimi.