Kazi Tunazo, Tija Hatuna

ELIA: Karibuni wasikilizaji, tunazungumza nanyi kutoka Moshi. Dada Neema, husemwa kwamba umaskini wetu unatokana na ukosefu wa kazi, lakini katika nchi maskini ni wachache wanaomudu kukaa bila kazi, kwa kuwa wengi hawana bima wala akiba, na asiyetoka asubuhi jioni hana cha kupika.

NEEMA: Ni kweli, kaka Elia. Mama yangu mkubwa kule Kibosho huamka saa kumi na moja alfajiri, hukata majani ya ng'ombe, huhudumia migomba na mibuni, kisha huteremka sokoni na mkungu wa ndizi kichwani, na bado ada ya mjukuu humshinda. Huyo hakosi kazi. Anachokosa ni malipo yanayolingana na jasho lake.

ELIA: Arthur Lewis, mchumi mzaliwa wa Saint Lucia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979, aliandika mwaka 1954 kwamba uchumi hukua pale nguvukazi iliyorundikana mashambani inapohamia kwenye sekta inayozalisha zaidi. Sisi tumehamia?

NEEMA: Tumehama, ila si huko. Kihamba, yaani shamba la ukoo, kiligawiwa wana, kisha wajukuu, hadi vikabaki vipande visivyotosha kulisha familia. Kijana akashuka mjini, na kwa kuwa hakukuta kiwanda cha kumpokea, akapanda bodaboda. Sasa fikiria kijiwe chenye pikipiki kumi na abiria walewale wa kila siku: ya kumi na moja haiongezi mapato, inayagawanya tu.

ELIA: Na kahawa?

NEEMA: Hapo ndipo ninapoumia. Chama chetu kikuu cha ushirika, KNCU, kilianza mwaka 1933, lakini hadi leo sehemu kubwa ya zao letu huuzwa nje ikiwa buni tu, na kazi ya kukaanga, kusaga na kufungasha hufanywa na watu wa ng'ambo. Nakiri kwamba si uzembe mtupu, kwa maana buni hustahimili miezi mingi safarini, ilhali kahawa iliyokaangwa hupoteza harufu upesi, nasi wenyewe ni wanywaji wa chai.

ELIA: Basi vijana wafundishwe kukaanga.

NEEMA: Wafundishwe, lakini mnunuzi atangulie. Kijijini kwetu mradi mmoja uliwafundisha wasichana ushonaji, ukawapa vyeti, ukaondoka. Cherehani hazikuwapo, wala hakuna aliyekuwa ameuliza nani atanunua hizo sare.

ELIA: Mnunuzi huyo yuko wapi?

NEEMA: Wapanda mlima hupita mjini hapa kila mwaka kwa maelfu. Nimewahi kukaa katika hoteli ambayo mibuni inaonekana dirishani, nikaletewa maji ya moto na kahawa ya kopo iliyotoka nje. Kikundi cha vijana kingepata mkataba wa kuihudumia hoteli hiyo kila wiki, mashine ndogo ya kukaangia ingekuwa na sababu ya kununuliwa, na benki ingekuwa na karatasi ya kuangalia kabla ya kukopesha.