Mgongo Mweupe, Nguzo Kichwa Chini

ELIA: Tumerudi. Dada Zuhura, kabla hujasalimia watu, hebu geuka nikuone mgongo.

ZUHURA: Sigeuki. Na lile buibui liko kwenye beseni tangu Jumamosi, usilitafute.

ELIA: Basi waambie wenyewe.

ZUHURA: Mwenzangu wa kazini kaolewa Jumamosi, kanisa la Mtakatifu Yohana, Mbweni ya Unguja. Njia ile napita tangu niko skuli, ndani sijatia mguu hata siku moja. Nikafika nimechelewa...

ELIA: Kama kawaida.

ZUHURA: ...nikasimama nyuma, nikaegemea ukuta. Padri kahubiri weee, mie nimeegemea. Kutoka nje, watoto wananicheka. Mgongo mzima mweupe pe! Kama nimelalia gunia la unga.

ELIA: Umebatizwa kwa chokaa.

ZUHURA: Koma! Mama anasikiliza kipindi hiki.

ELIA: Shikamoo Mama. Sasa leo nimeandaa mambo matatu ya kutazama ukiingia kanisa kongwe la kijijini. La kwanza kuta, la pili paa, la tatu makaburi. Safari hii tunayamaliza, nimeandika kabisa kwenye karatasi.

ZUHURA: Karatasi yako ya wiki jana ilifungiwa vitumbua.

ELIA: Tuanze. Mbweni ilikuwa shamba tu. Wamishonari wa UMCA, lile shirika la Waanglikana wa Uingereza, wakalinunua mwanzoni mwa miaka ya 1870, wakaweka kijiji cha watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Manowari za Waingereza zinakamata jahazi, watu wanashushwa Unguja, kisha waende wapi? Warudi kwao? Kuna waliotembea miezi kufika pwani. Soko la watumwa lenyewe Sultani Barghash alilifunga Juni 1873. Kanisa la Mbweni likafunguliwa 1882, mwaka ule ule aliofariki Askofu Edward Steere, mkuu wa UMCA hapa.

ZUHURA: Na shule ya wasichana ilitangulia kanisa. Magofu yake bado yapo karibu na bahari. Bi Caroline Thackeray aliyeiongoza miaka na miaka kazikwa pale pale kanisani, pamoja na hao waliokuja kwa majahazi. Nilipita makaburini nikijipangusa mgongo.

ELIA: Kwa hiyo ni kanisa la Kiprotestanti la kijijini, lina...

ZUHURA: Ngoja, wewe si ndiye uliyeniambia Waanglikana wa UMCA si Waprotestanti?

ELIA: Nilisema mimi Mlutheri wa Machame nikiingia kwao sijui nimefika wapi. Ubani, kuungama kwa padri, majoho yale...

ZUHURA: Ubani ni wetu sisi, msigombanie. Jumamosi niliposikia harufu nilijiona niko harusini kwa shangazi.

ELIA: [anacheka] Haya, tusonge. Kuta.

ZUHURA: Kuta niachie mie. Babu yangu alichoma chokaa. Unapanga magogo duara, juu yake unamwaga mawe ya matumbawe, unatia moto, unakaa nao usiku kucha. Jiwe linalainika, ukilimwagia maji linachemka lenyewe na kuvunjika unga. Halafu unalifukia, unasubiri. Babu alikuwa akisema chokaa ya pupa haina mshiko. Kuta zetu zote za zamani ni matumbawe kwa chokaa hiyo, nyumba, misikiti, makanisa, hakuna dini hapo. Ukuta unavuta unyevu na kuutoa. Sasa pale nje mjomba mmoja wa bwana harusi akaniambia, pole dada, tutapiga rangi ya plastiki isichafue watu. Nikamwambia chondechonde! Ukiuziba ukuta ule kwa plastiki au lipu ya saruji, maji yanabaki ndani, baada ya misimu kadhaa unabanduka vipande vipande. Chokaa inayochafua nguo ndiyo chokaa nzima.

ELIA: Kwa hiyo mgongo wako ni cheti cha ubora.

ZUHURA: Andika hivyo. Na madhabahu yake ya marumaru imetiwa vipande vya gamba la chaza, jua likipiga inameta kijani na waridi. Kuna na kiti wanachosema mabaharia wa manowari ya Waingereza, HMS London, walimtengenezea Steere.

ELIA: Paa sasa. Unajua kwa nini vyumba vya Mji Mkongwe vyembamba?

ZUHURA: Boriti za mkoko. Mti wenyewe haupati urefu, na chumba hakiwezi kuuzidi.

ELIA: Ndiyo! Steere alipojenga Kanisa Kuu la Mkunazini, Mji Mkongwe, pale penye lile soko la watumwa, akasema boriti sitaki. Akafunika kanisa zima kwa zege la matumbawe yaliyopondwa na saruji, limepinda kama pipa lililopasuliwa katikati. Watu wakasema litaanguka. Ibada ya kwanza Krismasi ya 1877, na paa liko juu mpaka leo. Na ndipo kuna zile nguzo...

ZUHURA: Usianze.

ELIA: ...nguzo za nyuma, kwenye ubatizio, kichwa chini miguu juu! Askofu alisafiri, mafundi wakazisimamisha kinyume, akarudi akakuta ndiyo hivyo. Aisee, mimi nawaelewa kabisa. Fundi wangu wa Tegeta kanifungia mlango wa choo, komeo likawa nje.

ZUHURA: Nje?

ELIA: Nje! Nikiwa ndani yeyote anayepita ananifungia. Mwanangu ana miaka minne, ameshajua. Juzi nimekaa humo dakika ishirini naomba msamaha kwa kosa nisilolijua.

ZUHURA: [anacheka] Lakini nguzo na komeo si kitu kimoja. Kisa kile kinaniudhi. Mgeni akiletwa Mkunazini anaonyeshwa nguzo, anacheka, anapiga picha. Hao hao mafundi ndio waliopandisha paa ambalo kila mtu alisema litaanguka, hilo hamna anayewacheka wala kuwasifu.

ELIA: Paa silikatai. Ila fundi anaweza kuwa hodari juu akakosea chini.

ZUHURA: Kakosea kwa nani? Nguzo ya namna ile ina kichwa na miguu kwa aliyezoea kuziona. Nguzo ya msikiti wetu wa zamani, mche wa mraba, pindua utakavyo ni ile ile. Unaletewa jiwe limechongwa huku na huku, mwenye ramani kasafiri. Nani aliwaonyesha?

ELIA: Wangesubiri aje. Na yeye aliporudi aliziacha, hakuvunja. Hapo mimi namheshimu Steere.

ZUHURA: Ndicho ninachosema! Fundi kakosea, askofu kasamehe. Mmoja hana jina, mwingine kazikwa nyuma ya madhabahu.

ELIA: Kazikwa pale kwa kazi yake. Mtu kaandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili 1870, katafsiri Agano Jipya. Lugha hii tunayopigia domo...

ZUHURA: Mie Kiswahili nimefundishwa na mama yangu.

ELIA: [kimya] Hiyo siwezi kuijibu, Mama anasikiliza. Lakini kinyume ni kinyume, Zuhura.

ZUHURA: Zimebeba uzito? Zimesimama?

ELIA: Komeo langu nalo linafunga vizuri sana! Tatizo ni upande.

ZUHURA: Komeo lina mtu ndani. Nguzo imemfungia nani?

ELIA: Sikubali.

ZUHURA: Wala usikubali.

ELIA: Tumebakiwa na dakika mbili, ananionyesha vidole huyu wa mitambo. Makaburi hatujagusa.

ZUHURA: Na paa la Mbweni hata hatujalitaja, tumemaliza la Mkunazini.

ELIA: Karatasi yangu yote hii...

ZUHURA: Nipe nifungie vitumbua.

ELIA: Wiki ijayo tutakuwa na mgeni, fundi wa majahazi wa Nungwi. Zuhura, njoo na nguo nyeupe.

ZUHURA: Na wewe uje mapema. Nikipiga simu hupokei, nitajua uko chooni.

ELIA: Usinipigie mimi. Mpigie mtoto, mbembeleze.