Moshi Haumo Daftarini

Assalam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo. Wazee wangu, shikamooni. Nanyi vijana mlioacha shughuli zenu Jumamosi asubuhi mkaja kukaa na joto hili la Tononoka, ahsanteni.

Mwenyekiti amenitambulisha kuwa bingwa wa biashara za kijamii. Kanivika kilemba cha ukoka. Mimi ni mhasibu. Kazi yangu ya miaka mingi ni kukagua vitabu vya vikundi, Likoni, Kisauni, Jomvu: akina mama wanaosuka makuti, vijana wanaonunua chupa kwa kilo, wavuvi wenye jokofu la pamoja. Kwa hivyo leo nitazungumza kama mtu wa daftari.

Kuna kikundi kimoja, jina nalisitiri. Vijana 12, wanatengeneza makaa ya vifuu. Hapa Mombasa ni nyumba gani haikuni nazi? Chicha wanapewa kuku, kifuu kinatupwa. Vijana hawa wakawa wanavikusanya, wanavichoma ndani ya pipa la mafuta huku wameibana hewa ili vigeuke makaa visiishie kuwa jivu. Kisha wanaponda, wanachanganya na uji wa muhogo, wanafinyanga, wanaanika. Makaa mazuri kwelikweli. Hayarushi cheche, yanakaa motoni muda mrefu, na hakuna mti uliokatwa. Wakaniletea daftari. Kila senti imeandikwa, faida ipo. Nikawaambia, wanangu, hongereni, sasa nipelekeni nikaone kazi yenyewe.

Mapipa yako nyuma ya nyumba ya bibi mmoja. Ulikuwa msimu wa kusi, na upepo ule unaupeleka moshi moja kwa moja dirishani kwake. Nikamwamkia, nikamuuliza anaionaje kazi ya wajukuu zake hawa. Akajibu: "Mwanangu, makaa yao hayana moshi. Wote nishauvuta mimi."

(Kicheko.) Chekeni, nami nilicheka. Lakini usiku nilipofungua tena lile daftari nikaona vifuu vina safu yake, muhogo una safu yake, nauli ya tuktuk ina safu yake. Kifua cha bibi hakina.

Sasa nawaomba mnifuate mpaka Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, kule Mikindani. Mwaka 2007 palijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi. Hebu isikilizeni habari hiyo kama ingeletwa leo kwenye shindano la wajasiriamali: anachukua taka hatari, anazigeuza mali, anaajiri vijana, anauza ng'ambo. Angepewa kikombe! Bi Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mwanawe mchanga akaugua, vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu yake. Mama huyo akasimama, akakamatwa, akatishwa, hakurudi nyuma. Kiwanda kikafungwa 2014. Yeye akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikaivuruga hukumu ile, na mwishoni mwa 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Bilioni 1.3. Mimi nikiitazama kwa jicho la mhasibu, naiona kama gharama ya uzalishaji iliyokuwapo tangu siku ya kwanza, ila iliandikwa katika damu za watoto kabla haijaandikwa mahakamani. Wala msije mkadhani ni habari ya kiwanda kikubwa tu. Lile pipa la vifuu ni ukoo mmoja nacho. Limepungua ukubwa.

Ndiyo maana neno "rejeleza", yaani kuigeuza taka itumike tena, halinitoshi. Mtu akiniambia biashara yake ni ya kijani, namuuliza: vumbi lako linatua kwa nani? Mnakumbuka Agosti 2017 serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, ikaja ile mifuko laini ya rangi tuliyoiita ya kitambaa? Ilikuwa polipropilini. Plastiki ileile, imevaa kanzu.

Sasa nivuke feri niwapeleke Gazi, maana huko kuna watu walioipiga hesabu hii vizuri kuliko wengi wetu wenye shahada.

Gazi na Makongeni, kaunti ya Kwale, wana mradi unaoitwa Mikoko Pamoja. Tangu 2013 wanauza hewa ya ukaa. Kwa lugha ya barazani: wanalinda hekta 117 za mikoko, miti na tope lake vinahifadhi kaboni, inapimwa kila mwaka, mnunuzi wa mbali analipa, na pesa zinaingia mfuko wa vijiji. Wanakijiji wanakutana, wanaamua wenyewe. Nyingi zimekwenda kwenye maji na shule. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na baadaye watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata njia hiyo hiyo.

Hayo mmeyasikia redioni. Mimi kilichonivutia ni jambo dogo ambalo waandishi hulipita. Mkoko ndio boriti, ndio pau. Ukimwambia mtu wa Gazi asikate mkoko, nyumba yake ataiezeka kwa nini? Atakwenda kukata kwa jirani, na msitu mmoja utakuwa umepona kwa kuua mwingine. Basi mradi ukapanda mivinje, watu wapate nguzo na kuni. Yaani kabla ya kuhesabu mapato, walimtafuta yule ambaye mzigo ungemwangukia, wakamwekea fungu. Hapo ndipo nilipovua kofia.

Arabuko-Sokoke nako hivyo hivyo. Wakulima wa kando ya msitu walikuwa na haki ya kuuchukia: tembo na nyani wanatoka humo kula mahindi yao, wao hawapati kitu. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo pale Gede unanunua kwao pupa, yaani viwavi waliojifunga ganda kabla hawajawa vipepeo (siyo ile pupa ya kukosa kula tamu), na kuzisafirisha ng'ambo kwa nyumba za maonyesho. Kipepeo anataka msitu ili azaane, na mkulima akaanza kuutaka pia. Hata wachongaji wetu wa Changamwe walihimizwa kuhama kutoka mpingo na muhuhu, miti inayokua polepole mno, waende mwarobaini, ambao huku pwani unaota mpaka kwenye ufa wa ukuta.

Naona kijana pale ana hamu ya kuniuliza: nikiweka gharama zote hizo, si nitauza ghali? Ndiyo, utauza ghali. Sitakudanganya. Wapo watakaokwambia mazingira na faida ni chanda na pete. Wengi wao hawajawahi kulipa kodi ya banda. Mwingine ataziba pengo kwa ufadhili, na ufadhili si dhambi, lakini uandike kwa kalamu nyingine ili ujue siku utakapokatika utabaki na nini. Nimeona vikundi vilivyokuwa na fulana nzuri na bango zuri, na biashara yenyewe haikuwapo.

Nirudi kwa vijana wangu wa vifuu. Walihamisha mapipa kwenye kiwanja kisicho na nyumba karibu, wanalipa kodi. Wakaongeza mfuniko na bomba ili ule moshi uungue kabla haujatoka. Bei ya gunia ikapanda, na mteja wao mkubwa, mwenye hoteli, akawaacha. Mama wa viazi karai amebaki, kwa sababu kwake moto unaokaa muda mrefu ni pesa. Mwaka ule hawakugawana faida.

Na daftari lao lina safu mpya. Wameiita "Jirani". Humo wanaandika kila kero iliyosikika na walichotoa kuiondoa: turubai, maji ya kuzimia vumbi, mara moja dawa ya kifua.

Mwezi uliopita nilipokwenda kukagua, safu ile ilikuwa tupu. Nikawauliza, haina kitu kwa kuwa hakuna gharama, au kwa kuwa hakuna aliyekwenda kumuuliza bibi?

Wakatazamana.