Tunahesabu Nyumba Kabla ya Kuhesabu Mbwa

(Mhadhara uliotolewa Tabora mjini mbele ya wafugaji, walinzi na wakazi)

Mwangaluka! Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari zenu. Asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru kwa kutembea na jua hili la Septemba, na vumbi lake, mkaja kusikiliza habari za mbwa.

Swali nililopewa ni lile ninaloulizwa sokoni, ndani ya bajaji, hata msibani: ninyi mnaopokea jemani shepadi waliotelekezwa na kuwatafutia makao mapya, mnachaguaje? Mbona wa fulani mlimchukua, wangu mkamkataa? Aliyekataliwa ana haki ya kujibiwa, na leo namjibu bila kuficha.

Huruma haijawahi kutupungukia. Kila anayeletwa anatuumiza roho. Kinachopungua ni nyumba. Kikundi chetu kina nyumba nne za kulelea kwa muda, yaani nyumba za wanachama wenyewe, na kila nyumba inabeba mbwa mmoja. Kwa hiyo simu ikipigwa, jambo la kwanza ninalowaza ni nani atakayeishi na huyu mbwa miaka minane au kumi ijayo. Nikikosa hata picha ya mtu huyo kichwani, nachelea kusema ndiyo.

Watu huniuliza pia kwa nini jemani shepadi tu, wakati mbwa koko wamejaa mitaani. Ni kwa sababu huyu ndiye tunayemjua. Mwaka 1899 huko Ujerumani, afisa wa jeshi aitwaye Max von Stephanitz alimnunua mbwa kwenye maonyesho, akambadilisha jina akamwita Horand von Grafrath, na katika chama alichokianzisha mwaka huo huo mbwa yule akaandikwa wa kwanza daftarini. Kazi iliyokuwa inatafutwa ni ya kondoo: kuzunguka ukingo wa kundi kutwa nzima, kundi lisivuke kuingia shamba la jirani. Mbwa akawa uzio unaotembea.

Sasa mchukue mnyama wa namna hiyo umfunge mnyororo wa mita moja na nusu chini ya mwembe. Nimeingia kwenye nyua nyingi za mji huu, na mara nyingi nimejua kuna shepadi kabla sijamwona. Chini ya mti kuna duara. Udongo umechimbika, umelainika kama njia ya baiskeli, kwa sababu mbwa amezunguka pale mwaka mzima akichunga kondoo ambao hawapo. Mwenye nyumba anasema mbwa wake amekuwa mkali, amekuwa kichaa. Mimi naona mfanyakazi aliyenyimwa kazi.

Wanatufikia kwa njia zinazofanana. Ghala limefungwa na kampuni ya ulinzi haimhitaji tena. Mtumishi amehamishwa. Kijana alinunua mtoto wa mbwa mzuri kama mdoli, na miezi kumi baadaye ana dume la kilo thelathini linalokula ugali wa watu watatu.

Je, lazima awe shepadi halisi? Huko Uingereza na Marekani makundi ya namna yetu mengi yamezaliwa ndani ya vyama vya wafugaji wa aina moja ya mbwa, na mara nyingi hatua ya kwanza ni kumtafuta aliyemzalisha amrudishe mbwa wake. Hapa kwetu aliyemzalisha huwa hajulikani, na karatasi za ukoo ni za kutafuta kwa tochi. Mimi simkatai chotara mwenye mwili na tabia za shepadi. Hakuna mbwa anayetoka kwetu kabla hajahasiwa au kufungwa kizazi, kwa hiyo damu safi haitusaidii kitu. Anayekuja akitaka dume la kupandisha, namrudisha kwa heshima.

Mbwa akifika, anakaa peke yake kwanza. Kama hana kadi ya chanjo tunamhesabu hajachanjwa, maana kichaa cha mbwa kinaweza kujificha mwilini wiki nyingi, hata miezi, na dalili zikishaanza hakuna tiba, kwa mbwa wala kwa mtu. Kisha namfungua mdomo taratibu. Meno madogo ya mbele ya mbwa kijana yana ncha tatu tatu, kama ua lililochongwa. Miaka inavyokwenda yanasagika, ya chini katikati yakitangulia. Mtu akiniambia mbwa wake ana miaka miwili na mimi naona meno bapa, najua mazungumzo ndiyo kwanza yanaanza. Chonge likiwa limelika upande wa nyuma, nalo linasema: huyu alikuwa anatafuna mnyororo au nondo za banda. Halafu namtembeza mbele yangu, aende arudi. Nyonga za shepadi ni ugonjwa wa ukoo. Wengi kiungo cha nyonga hakikai vizuri kwenye tundu lake, na akiinuka utamwona anasukuma kwa miguu ya mbele.

Kipimo cha chakula nakiacha hadi siku ya nne au ya tano. Wenzetu wa nje wana kanuni ya siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu: siku tatu za woga, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu kujiona wa nyumbani. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mbwa huyu mnyime jembe kwanza, apumue. Baada ya hapo naweka sahani ya dona na dagaa. Nina glavu niliyoijaza matambara, nimeifunga kwenye fimbo ya mpera, na mkono huo wa bandia ndio unaosogelea sahani akiwa katikati ya kula. Wapo wanaotikisa mkia wakaendelea kula. Wapo wanaonguruma. Na wapo wanaoganda: taya zimesimama juu ya chakula, mgongo umekakamaa, weupe wa jicho umetokeza pembeni. Anayenguruma ametoa taarifa, na kwa mwenye masikio anafundishika. Anayeganda ndiye ananitisha.

Kipimo hicho nilikianza baada ya kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulimpokea dume kwa maneno ya mwenye mbwa tu. Alituapia kwamba hajawahi kumuuma mtu, kwamba ni mpole kama kondoo. Tukamwamini, maana alikuwa anasafiri kesho yake na sisi tulikuwa na familia inayosubiri. Siku ya kumi na moja, mtoto wa nyumba ile alipitisha mkono karibu na sahani. Tulimwosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano tukiangalia saa, tukamkimbiza akapewa sindano za kichaa, na mbwa akafungiwa siku kumi za kuangaliwa. Mtoto alipona. Ana kovu kwenye kiganja, na kila akinisalimia kwa mkono ule nalisikia kwenye vidole vyangu.

Baadaye nilikwenda mtaa alikotoka yule mbwa. Mama anayeuza mchicha pale kona aliniambia bila kuulizwa mara mbili: "Huyo? Alishamuuma mpiga pasi, na kabla yake mtoto wa mwalimu." Mtaa mzima ulikuwa unajua, na mimi sikuwa nimeuliza.

Tangu siku hiyo mwenye mbwa anaandika na kusaini kama mbwa ameuma, nani, na ilikuwaje, na baada ya hapo tunakwenda kuuliza njiani. Tunamuuliza muuza mchicha. Tunamuuliza fundi baiskeli aliye mkabala na geti. Zaidi ya wote tunawauliza watoto. Mtoto anayepita geti lile kila siku kwenda shule ataonyesha kwa mkono sehemu anayovuka barabara na sehemu anayorudi upande huu, na mstari huo wa nyayo zake unaeleza kuliko fomu nzima. Tafadhali sana, ninyi mnaotaka kutuletea mbwa: kutuambia kwamba ameuma hakumfungii mlango moja kwa moja. Aliyeuma kwa kukanyagwa mkia akiwa usingizini si sawa na aliyevuka uwanja kumfuata mtu. Kinachomfungia mlango ni kufichwa, kwa sababu hatutajua tumpeleke wapi.

Upande wa pili wa kazi ni kuchagua nyumba, na huko nimemkatalia mtu aliyefaa kuliko wote. Ni mrina asali wa huko Sikonge, mzee mwenye upole ambao mbwa huutambua haraka. Alikuja na kidumu cha asali mkononi, akakaa na jike letu mmoja saa nzima bila kumwita, mpaka mwenyewe akamfuata akalaza kichwa gotini. Ana nafasi, ana kazi ya kutembea kutwa, ana moyo. Lakini anaishi ndani ya miombo yenye mbung'o. Ninyi wafugaji mnaijua nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kwa ng'ombe. Mbwa naye huipata, na mbwa wa asili ya Ulaya akiipata huanguka vibaya. Homa, ufizi unakuwa mweupe, anakonda ilhali anakula, kisha jicho linaingia ukungu wa bluu kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Dawa tunayomchoma ng'ombe, kwa mbwa kipimo kikizidi kidogo tu inadhuru ubongo. Nilimweleza mzee yote hayo. Akanyamaza, akasema, "Basi msinipe nikamuue kwa mapenzi." Akatuachia asali yake. Jike yule yuko mjini kwa sasa, na mzee akija mnadani hupita kumsalimia.

Majirani nao wana kauli. Mji huu una misikiti mingi, na kwa jirani anayefuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi nzito. Yakimgusa anaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Dini hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kulinda mifugo na shamba na wa kuwinda, kwa hiyo mazungumzo yapo, ila yafanyike kabla. Mzee mmoja wa Isevya hakudai mbwa aondoke. Alidai ukuta uzibwe tundu na geti lihamishwe upande wa pili, ili anapokwenda swala ya alfajiri asikutane naye. Tulihamisha geti. Jirani akikataa kabisa, hatupeleki mbwa pale, hata kama mwombaji ana uwanja wa heka mbili, kwa sababu mbwa asiyetakiwa na jirani ipo siku atalishwa sumu.

Wapo pia ambao hatuwapeleki kokote. Mbwa anayemfuata mtu bila kuonya, na mbwa ambaye maumivu yake hayatulizwi tena na dawa, daktari wa mifugo humlaza usingizi asioamka. Mmoja wetu hukaa naye akimshika kichwa mpaka mwisho. Nalisema hadharani kwa sababu wengine hudhani kutuletea mbwa ni kumwokoa kwa vyovyote. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatutaka tusimwache mnyama ateseke, na kumfungia banda la giza miaka mitano ili mimi nijisikie mwema ni mateso.

Jana jioni nimepigiwa simu kutoka Kiloleni. Jike, miaka sita kwa maneno ya mwenyewe, anaburuta kidogo mguu wa nyuma, hajauma mtu. Familia inahamia Dodoma mwisho wa mwezi. Nafasi tuliyobakiwa nayo ni moja, na kuna mama mstaafu wa Cheyo aliyeomba mbwa mtulivu wa kumsindikiza jioni. Nyumba yake haina ngazi, haina watoto wadogo, na majirani wake wa pande zote mbili tumeshawaona. Huenda wakapatana. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa pale Kiloleni, na kabla sijabisha hodi nitasimama barabarani niwangoje watoto wanaokwenda shule.

Karibuni kwa maswali.