Kiti cha Aliyeitwa Jeshini

Mbukwenyi, ndugu zangu. Nimefurahi kuona waajiri mko wengi kuliko mawakili. Sisi tukibaki wenyewe tunagombania nukta na mkato mpaka chai inapoa.

Leo tunazungumzia kazi ya mfanyakazi anayeitwa jeshini: nani anamshikia kiti chake mpaka arudi? Nianze na kikombe. Baba yangu mdogo alikuwa karani wa ghala hapa Dodoma, na alikuwa mgambo. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera, Mwalimu akatangaza vita, ba' mdogo akaondoka na wenzake. Aliporudi mwaka 1979 bosi alimkumbatia, akamwagizia soda. Lakini mezani kwake alikaa kijana mwingine, na kijana huyo alikuwa ananywea chai kikombe cha ba' mdogo, kile cha bati kilichobanduka rangi ukingoni. Hakufukuzwa. Aliambiwa, "Subiri kidogo, tunakuangalia." Alisubiri hadi msimu wa mvua, akaenda zake kulima mtama.

Simlaumu yule bosi, na kijana naye alikuwa na watoto wa kulisha. Kasoro ilikuwa kwamba hapakuwa na karatasi hata moja inayosema kiti kile ni cha nani, na mpaka lini.

Wenzetu waliliandika. Uingereza wana sheria ya mwaka 1985: askari wa akiba, yule mwenye kazi yake ya kawaida ila anaweza kuitwa jeshini, akimaliza utumishi anamwandikia mwajiri wake kuomba kurudi, kabla haijapita Jumatatu ya tatu tangu amalize. Mwajiri anamrudisha kwenye kazi ile ile, kwa masharti yasiyo duni kuliko ambayo angekuwa nayo kama asingeitwa. Akishamrudisha, lazima amweke wiki 13, 26 au 52, kutegemea alikuwa amefanya kazi hapo kwa muda gani kabla ya wito. Kumfukuza kwa sababu tu anaweza kuitwa ni kosa la jinai.

Marekani, kwa sheria ya 1994, wanahesabu kwa urefu wa utumishi. Aliyekaa siku 31 hadi 180 ana siku 14 za kuomba kurudi. Aliyezidisha 180 ana siku 90. Tena harudishwi pale alipoachia. Anarudishwa pale ambapo angekuwa amefika kama asingeondoka, nyongeza ya mshahara ikiwemo. Na kwa sheria yao nyingine, mkopo aliouchukua kabla ya kuingia utumishini, riba yake haivuki asilimia 6 kwa mwaka akiwa huko. Hilo nalipenda sana, kwa sababu simu ya marejesho haimpigii askari aliye mpakani. Inampigia mkewe.

Sasa mwajiri. Naona mzee pale ananikazia macho, na ana haki. Mwenye karakana ya kuchomelea Nkuhungu ana mafundi wanne. Ukimtoa mmoja umemtoa robo ya kazi, na mageti ya watu yameshalipiwa malipo ya awali. Uzalendo haulipi kodi ya fremu. Ndiyo maana Uingereza, mtu akiitwa, mshahara unakuwa mzigo wa serikali, si wa mwajiri. Kama wa kushika nafasi yake ni ghali kuliko yeye, mwajiri anaweza kudai ile tofauti, hadi pauni 110 kwa siku. Na kama kuondoka kwake kutaivuruga biashara vibaya, mwajiri ana siku 7 za kuomba wito uahirishwe au ufutwe.

Hapa kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwachisha mtu kazi bila sababu halali na utaratibu wa haki, na aliyeachishwa ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ba' mdogo angepotea hapo hapo, maana hakuna aliyemwambia ameachishwa. "Subiri kidogo" inaanza kuhesabiwa siku gani?

Kwa hiyo msisubiri wito. Kesho mkaongeze aya moja kwenye mikataba: akiitwa, alete nakala ya wito, nafasi yake inashikiliwa hadi lini, akirudi aripoti ndani ya siku ngapi, michango yake ya NSSF itakuwaje, makato ya SACCOS nani anazungumza nao. Na anayeshika nafasi, barua yake iseme hivyo hivyo, kwamba anashika nafasi ya fulani, asije akanunua kikombe akidhani amefika.

Nimeletewa karatasi ya swali: "Je, akirudi amelemazwa mkono?" Huyo aliyeuliza asiondoke. Tuanze na hilo.