Bomba Liko Mkononi, Mdudu Humjui

MWANAIDI: Karibuni tena kwenye kipindi chetu cha bustani. Mimi ni Mwanaidi, niko na kaka Shabani, na leo nimemwonya mapema asije na lile jibu lake la "inategemea".

SHABANI: Umeninyang'anya jibu langu zuri kuliko yote.

MWANAIDI: Utatafuta jingine. Mtu ana matuta yake machache nyuma ya nyumba: nyanya, kabichi, maharage, mboga za majani. Wadudu wameingia. Atumie dawa ya asili au kemikali ya dukani?

SHABANI: Kwanza aniambie ni mdudu gani. Dada Mwanaidi, watu wanashika bomba kabla hawajageuza jani. Geuza jani! Vidukari wanajazana upande wa chini na kwenye ncha changa, wanafyonza. Inzi weupe ukitikisa mche wanaruka kundi zima, halafu wanarudi walipokuwa. Utitiri mwekundu ni mdogo mno kuuona vizuri kwa macho. Utakachoona ni jani lililopauka kwa vidoadoa na utando mwembamba umeshika vikonyo. Na ukiamka ukakuta mche wa kabichi umekatwa usawa wa ardhi, umelala palepale, hata haujaliwa wote, hapo umepitiwa na sota, yule kiwavi anayekata miche.

MWANAIDI: Na sota umpulizie majani mpaka bomba likauke, yeye yuko udongoni amelala.

SHABANI: Amejikunja duara, sentimita moja au mbili chini, karibu na mche alioukata. Unafukua kwa kidole kuzunguka shina, unamtoa. Mche unaofuata unauvisha kola ya karatasi ngumu, nusu iingie ardhini, nusu ibaki juu. Sasa niambie, hiyo ni asili au kemikali?

MWANAIDI: Hiyo ni kidole na karatasi. Haya, tuje kwa vidukari, maana hao ndio wanaowafanya watu wakimbilie dukani. Leo wapo watano, wiki ijayo shina zima limevaa.

SHABANI: Kwa sababu jike hahitaji dume. Kwa sehemu kubwa ya mwaka anazaa watoto walio hai, wote majike, na hao watoto wanazaliwa tayari wana vijusi tumboni. Baada ya wiki moja hivi nao wanazaa. Ndiyo maana huwezi kushindana nao kwa kusubiri Jumamosi.

MWANAIDI: Mimi naanza na maji tu. Unashika ncha ya mche kwa mkono mmoja usivunjike, unawapiga na maji yenye nguvu kutoka chini kwenda juu. Kidukari aliyeng'olewa mdomo kwenye jani mara nyingi harudi. Wasipopungua, naleta sabuni.

SHABANI: Sabuni ipi? Hapa ndipo watu wanapounguza bustani.

MWANAIDI: Sabuni ya maji isiyo na manukato makali, mililita 10 hadi 20 kwa lita moja ya maji. Si ya unga ya kufulia, wala ile ya kuondoa mafuta kwenye sufuria. Unajaribu kwanza kwenye majani mawili matatu, unangoja siku nzima uone kama yanabadilika rangi, ndipo unapulizia mche wote. Jioni, jua likishapoa.

SHABANI: Ongeza na hili: sabuni inaua mdudu aliyelowa tu. Inaharibu ngozi yake ya nje, anakauka. Ikishakauka kwenye jani, haina kazi tena. Kwa hiyo anayepulizia upande wa juu wa jani peke yake ameosha jani, vidukari wako chini wanaendelea na shughuli zao. Na kama maji yako ni ya chumvichumvi, yale yanayokataa kutoa povu, sabuni itaganda na nguvu yake itapungua. Tumia ya mvua.

MWANAIDI: Na sisimizi je? Ukiona foleni ya sisimizi inapanda na kushuka kwenye shina, si wao wanaokula mboga. Wanafuata ule utamu unaotoka kwa vidukari, na kwa ajili ya huo utamu wanawafukuza wadudu wanaowala vidukari. Ukiikata njia ya sisimizi, umewarudishia wale walaji nafasi yao.

SHABANI: Umetaja walaji, ngoja niseme jambo. Siku utakayoinama na kulitazama kundi la vidukari kwa karibu, tafuta wale waliovimba, wakawa duara, rangi ya kahawia iliyopauka, hata uwaguse hawasogei. Tazama mgongoni. Wengine wana tundu dogo la mviringo, limekatwa safi. Huyo hakuuawa na mtu wala dawa. Nyigu mdogo sana, hata huwezi kumtambua kuwa ni nyigu, alimtaga yai ndani. Funza akala mle ndani mpaka akamaliza, akatoboa akatoka. Ukiona wengi wa namna hiyo, weka bomba chini. Kazi inafanyika bila wewe.

MWANAIDI: Na wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi kila mtu anawapenda. Lakini mabuu wao watu wanawaponda! Buu wake hafanani na mzazi kabisa. Mrefu, mweusi au wa kijivu, ana mabaka ya rangi ya chungwa na miiba miiba, anafanana na mamba mdogo. Mtu akimwona anadhani ndiye mharibifu.

SHABANI: Kumbe ndiye anayekula vidukari siku nzima.

MWANAIDI: Sawa, sasa tuingie kwenye ugomvi wenyewe. Mimi ni mtu wa mwarobaini, kila anayenijua anajua. Na huwa nasikia unanicheka.

SHABANI: Sikucheki kwa mwarobaini. Mwarobaini una kazi inayoeleweka. Kiambata chake kikuu, azadiraktini, kinamfanya mdudu aache kula na kinavuruga homoni za kujivua ngozi, kwa hiyo mdogo hafiki ukubwani. Kinachoniudhi ni mtu anayepulizia leo, kesho anaona kiwavi bado anatembea, anasema haufanyi kazi. Hauui papo hapo. Halafu jua linauvunja kwa siku chache, kwa hiyo ni jioni na ni kurudia.

MWANAIDI: Basi unachocheka ni nini?

SHABANI: Ni hii imani kwamba kitu kikitoka kwenye mmea hakina madhara. Chukua tumbaku. Watu wanaloweka majani ya tumbaku usiku kucha, wanapulizia mboga kwa mikono mitupu. Nikotini ni sumu kali kwa binadamu, na inapenya ngozi. Tena tumbaku inaweza kubeba virusi vya mozaiki vinavyoshambulia nyanya na pilipili, kwa hiyo unakwenda kuua vidukari unaacha ugonjwa usio na tiba.

MWANAIDI: Tumbaku hata mimi siigusi.

SHABANI: Njoo kwenye utupa. Huu mmea watu wameutumia tangu zamani kulevya samaki mtoni. Ndani yake mna rotenoni. Rotenoni iliuzwa miaka mingi kama dawa ya bustani ya asili, watu wakiiamini hivyohivyo unavyouamini mwarobaini. Mwaka 2011 ulitoka utafiti Marekani uliofanywa kwa watu waliokuwa wakipulizia viuatilifu mashambani. Waliotumia rotenoni walikuwa na uwezekano wa kuugua Parkinson, ugonjwa wa neva unaoleta kutetemeka, takriban mara mbili na nusu ya wengine. Nchi nyingi zimeshaiondoa kwenye bustani.

MWANAIDI: Na pareto?

SHABANI: Pareto naipenda kwa sababu mwanga unaivunja haraka. Lakini inaua nyuki akiguswa nayo, na ikiingia kwenye bwawa inaua samaki. Wanakemia wakaiga umbo lake wakatengeneza dawa za jamii moja nayo, hizi ambazo majina yake yanaishia na "-thrini", permethrini, sipermethrini. Zinadumu zaidi juani. Sasa niambie mpaka kati ya asili na kemikali umeuchora wapi hapo.

MWANAIDI: Nimekuelewa, lakini hujanishinda. Nitakuchorea mpaka mwingine. Soma lebo ya kiuatilifu chochote cha dukani, utakuta siku za kungoja kabla ya kuvuna. Siku tatu, saba, kumi na nne, kulingana na dawa na zao. Mkulima wa shamba anavuna kwa mkupuo, anaweza kupanga kalenda yake. Mimi nachuma mboga jana, leo, na keshokutwa. Kwenye mche mmoja wa nyanya kuna tunda lililoiva, lililo nusu, na maua. Nikipulizia dawa ya siku kumi na nne, hizo wiki mbili sina bustani, na mdudu akirudi siku ya kumi naanza upya. Nitakula lini?

SHABANI: Hoja hiyo ina nguvu kuliko zote nilizosikia kwa watu wa asili.

MWANAIDI: Andika tarehe.

SHABANI: Na kuna wanaosema, si nitaiosha tu? Ile iliyokaa juu ya ganda, maji yanapunguza sehemu yake. Lakini ziko dawa zinazosafiri ndani ya mmea. Unamwaga chini au unapulizia, mmea unazinywa, zinapanda mpaka kwenye jani na ua. Imidaklopridi ni mojawapo. Hiyo huwezi kuiosha, iko ndani. Umoja wa Ulaya mwaka 2018 uliipiga marufuku kwa mazao yanayolimwa mahali pa wazi, yeye na ndugu zake wawili, kwa ajili ya nyuki.

MWANAIDI: Halafu kipimo. Lebo nyingine inazungumzia ekari, mtu ana matuta manne. Anakadiria kwa kifuniko, "ongeza kidogo ikolee". Inayobaki anaiweka kwenye chupa ya soda.

SHABANI: Hapo sina mzaha. Chupa ya soda kamwe. Mtoto hasomi harufu. Ibaki kwenye chombo chake chenye lebo, ifungiwe juu. Na anayenunua atazame mstari wa rangi chini ya lebo. Nchi nyingi zinaufuata utaratibu huo: nyekundu ni sumu kali kabisa, kisha njano, bluu, na kijani ndiyo ya hatari ndogo. Nyekundu na njano hazina sababu ya kuingia nyumbani kwa ajili ya matuta manne.

MWANAIDI: Wewe je, ungeitumia lini kemikali kwenye mboga unazokula mwenyewe?

SHABANI: Mara chache, na mapema. Miche michanga ambayo haijachanua, ambayo mavuno yake bado yako mbali, wadudu wamezidi na mkono umeshindwa. Jioni, nyuki wakisharudi. Lakini kuna kitu watu hawaambiwi: kemikali ya kuua kila kitu inaweza kukuletea mdudu ambaye hukuwa naye. Unapulizia sipermethrini kuua viwavi, wiki chache baadaye nyanya zimejaa utitiri. Ulitoka wapi? Ulikuwepo, ila kulikuwa na utitiri mwingine unaoula, na huo ndio uliokufa.

MWANAIDI: Na usugu.

SHABANI: Usugu! Yule nondo mdogo wa kabichi mwenye alama za almasi mgongoni, Plutella xylostella. Huko Java, Indonesia, mwaka 1953 alionekana hafi tena kwa kemikali ya DDT. Sasa usifurahi haraka, maana mwaka 1990 iliripotiwa Hawaii kwamba amekuwa sugu pia kwa Bt.

MWANAIDI: Ambayo ni bakteria, inakubalika kwa wanaolima kwa njia ya asili. Waelezee wasikilizaji.

SHABANI: Bacillus thuringiensis. Mjapani Ishiwata aliikuta mwaka 1901 kwenye viwavi wa hariri waliokuwa wanakufa. Kiwavi lazima aile. Ikifika tumboni mwake inamtoboa utumbo, anaacha kula, anakufa baada ya siku chache. Ile ya viwavi haimgusi nyuki, haimgusi yule nyigu wetu, wala haiwasumbui vidukari, kwa hiyo usiinunulie vidukari. Kwangu mimi hiyo ndiyo dawa ya kwanza kwa viwavi vya kabichi, wakiwa bado wadogo. Ukipulizia kila wiki bila hata kuona kiwavi, ndipo unapomfundisha usugu.

MWANAIDI: Mimi kabichi nazifunika neti tangu siku ya kupandikiza. Nondo hapiti, hatagi, sina cha kuua. Kingo nazifukia udongo, maana akipata upenyo mmoja umemfungia ndani na chakula chake.

SHABANI: Nyanya huwezi kuzifunika hivyo muda wote, zinarefuka.

MWANAIDI: Na nyanya ndizo zenye yule nondo Tuta absoluta, kantangaze. Funza wake anaishi ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini. Sabuni haimfikii.

SHABANI: Na dawa nyingi za kemikali zimeshamshindwa. Mwarobaini unaweza kusaidia, Bt pia akiwa mchanga kabisa, kabla hajazama.

MWANAIDI: Mimi sipulizii. Kila nikipita nachuma jani lenye mchirizi, naliinua kwenye mwanga, namwona funza mle ndani pamoja na kinyesi chake cheusi. Majani yote hayo natia kwenye mfuko, naufunga, nauacha juani. Siyatupi kwenye mboji.

SHABANI: Kwa miche kumi na miwili, sawa. Kwa miche mia moja?

MWANAIDI: Miche mia moja si bustani ya nyumbani, kaka Shabani, hilo ni shamba. Tutalizungumza kipindi kijacho, na siku hiyo nakuruhusu useme "inategemea".